Maswali ya Kumpelekea Daktari wa Upasuaji wa Unene, na Yalikotoka

 

Leo tunazungumza na wewe uliyeandikiwa barua ya kumwona daktari wa upasuaji kwa sababu ya unene wa kupindukia, au wewe unayefikiria kwenda mwenyewe. Labda umejaribu kila njia. Umeacha chapati, umekunywa chai bila sukari, umetembea kila jioni, ukapunguza kilo 10, na baada ya mwaka zikarudi 12. Magoti yanauma, presha imepanda, sukari nayo haishikiki. Sasa umesikia kwamba kuna operesheni ya tumbo, na siku ya kumwona daktari imekaribia.

Hauko peke yako. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa hapa Kenya mwaka 2008-09 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzani uliozidi kiasi. Mwaka 2014 uchunguzi kama huo ulipata mmoja kati ya watatu. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Siku hizi tunajua kwamba mara nyingi huja pamoja na kisukari, shinikizo la damu na kiharusi.

Mazungumzo kati yako na daktari huenda yakachukua nusu saa tu. Ukiingia mikono mitupu, utatoka na bei na tarehe. Ukiingia na maswali, utatoka ukijua unachokikubali au unachokikataa. Leo tunakupa maswali saba, na kila moja lina historia yake. Moja lilizaliwa baada ya wagonjwa kudhurika, jingine baada ya daktari kuona jambo ambalo hakulitarajia. Watu waliotutangulia waliyalipia maswali haya kwa miili yao. Sisi tunayapata bure, basi tuyatumie.

Kabla ya kuanza, tuondoe utata mmoja. Operesheni tunayoizungumzia inahusu tumbo na utumbo. Kunyonya mafuta chini ya ngozi, kunakofanywa katika vituo vya urembo, ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya wanawake 15 walionyonywa mafuta mengi, karibu kilo 10 kila mmoja. Umbo lilibadilika, lakini sukari yao na shinikizo lao la damu havikupata nafuu. Kwa hivyo, ukiwa unatafuta afya, hakikisha umeingia mlango unaofaa.

Sasa twende Marekani, mwaka 1954. Katika jimbo la Minnesota madaktari watatu, Kremen, Linner na Nelson, walichapisha taarifa ya operesheni ya kufupisha njia ya chakula. Wazo lao ni jepesi kueleweka. Chakula huingia mwilini kupitia utumbo mwembamba, ambao una urefu wa mita kadhaa. Ukiunganisha mwanzo wa utumbo huo na mwisho wake, chakula kitapita njia ya mkato na mwili utanyonya kidogo tu. Mgonjwa ataendelea kula ugali wake kama kawaida na bado atapungua.

Mwaka 1956, mjini Los Angeles, madaktari Payne na DeWind walienda mbali zaidi. Waliunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana. Wagonjwa walipungua sana, lakini walihara mchana na usiku, wakapungukiwa na maji na chumvi za mwili, hadi ikabidi njia ya kawaida irudishwe. Iliporudishwa, uzani nao ukarudi. Madaktari hao wakairekebisha operesheni yao, na mwaka 1969 wakachapisha nyingine iliyobakisha inchi 14 za mwanzo wa utumbo na inchi 4 za mwisho wake. Jumla ni inchi 18, yaani chini ya nusu mita.

Operesheni hiyo ilienea, ikafanyiwa maelfu ya watu. Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Nguo zilipwaya na jamaa walishangaa. Kisha, mwaka baada ya mwaka, watu hao wakaanza kurudi hospitalini. Wengine walikuwa na mawe kwenye figo, wengine viungo vilivyovimba na kuuma, wengine upungufu wa vitamini. Kwa wengine ini liliharibika, na wako waliokufa. Kufikia mapema miaka ya 1980 operesheni hiyo ilikuwa imeachwa, na wengi waliofanyiwa walilazimika kurudi tena katika chumba cha upasuaji ili warekebishwe.

Angalia jambo moja, mpenzi msikilizaji. Wengi wa watu hao hawakudhurika siku ya operesheni. Walidhurika baadaye, nyumbani, wakati kidonda kimepona na kila mtu anawasifu. Hapo ndipo lilipozaliwa swali letu la kwanza: Daktari, nikishapona kidonda, ni nani atakayenifuatilia, na kwa miaka mingapi?

Jibu zuri lina mambo matatu ndani yake. Kwanza, utapimwa damu mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka maisha yako yote. Pili, utameza vitamini na madini kila siku, hasa madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na vitamini B12. Tatu, kuna nambari ya simu utakayopiga ukianza kutapika bila kukoma, kwa sababu kutapika kwa siku nyingi humaliza vitamini B1, na ukosefu wake huharibu neva na hata ubongo. Kama unaishi Garissa au Homa Bay na operesheni itafanywa Nairobi, uliza ni maabara gani karibu nawe itakayokupima, na ni nani atakayeyasoma majibu. Uliza pia bei ya vitamini za mwezi mmoja, uizidishe mara 12. Hiyo ni sehemu ya bei ya operesheni, hata kama haijaandikwa kwenye karatasi utakayopewa.

Wakati operesheni ya utumbo inaendelea kuenea, daktari mwingine alikuwa akiangalia mahali pengine. Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliwatazama wagonjwa waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Aliona kwamba wengi wao, hasa wanawake, walipungua na hawakunenepa tena. Mwaka 1966, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, alianza kuugawa mfuko wa chakula kwa wagonjwa wanene. Aliacha kijifuko kidogo juu, akakiunganisha na utumbo, na sehemu kubwa iliyosalia chakula kikaipita kando.

Matokeo yalikuwa bora kuliko yale ya utumbo mfupi, lakini kulikuwa na kero. Nyongo ilipanda na kukichoma kile kijifuko. Mwaka 1977, daktari Ward Griffen wa Kentucky na wenzake walichapisha njia ya kuuepuka moto huo. Waliuunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y, mtindo uliotokana na daktari wa Uswisi, César Roux, wa miaka ya 1890. Mpaka leo operesheni hiyo hufanywa kwa mtindo huo. Kijifuko kinachobaki ni kama yai la kuku, hujaa kwa vijiko viwili vya mezani.

Njia nyingine ilikuja kwa bahati. Kulikuwa na wagonjwa wazito mno, ambao madaktari waliogopa kuwaweka kwenye nusukaputi kwa saa nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaamua kuwafanyia kazi hiyo kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, ukabaki mwembamba kama mkono wa shati. Baadhi ya wagonjwa walipungua vya kutosha hata awamu ya pili ikaonekana haina haja. Katika miaka ya 2010 operesheni hii ya mkono wa shati ikawa ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Kutokana na hayo tunapata swali la pili: Daktari, ni operesheni ipi unayonipendekezea, kwa nini hiyo, na itabadilisha vipi namna ninavyoishi?

Usikubali jibu la "hii ndiyo tunayofanya hapa." Kila operesheni ina tabia zake. Ile ya mkono wa shati huweza kuzidisha kiungulia, kwa hivyo kama kifua hukuchoma kila usiku, sema. Ile ya umbo la Y inaweza kukufanya utokwe jasho, moyo uende mbio na tumbo lisokote ukinywa soda au kula vitu vitamu. Pia mahali pa kiungo panaweza kupata kidonda kutokana na sigara na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo sisi huku huzinunua dukani kama peremende. Pombe nayo hupanda kichwani haraka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika mwaka wa pili baada ya operesheni, watu wenye matatizo ya pombe waliongezeka. Kama nyumbani kwako pombe imewahi kuleta shida, hilo ni jambo la kuzungumza kabla, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa akina mama walio na umri wa kuzaa kuna la ziada. Unene ukipungua, hedhi iliyopotea hurudi, na mimba huweza kuingia bila kutarajiwa. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kushika mimba, ili mtoto asikose lishe. Uliza pia ni njia gani ya kupanga uzazi itakufaa, kwa sababu baada ya operesheni ya Y huenda vidonge visitegemewe kama awali.

Tuje sasa mwaka 1991. Operesheni zilikuwa zimekuwa nyingi, na kila daktari alichagua wagonjwa kwa namna yake. Mwezi wa Machi mwaka huo, taasisi za kitaifa za afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu mjini Bethesda. Walikubaliana ni nani anayestahili. Walitumia kipimo cha BMI, ambacho unaweza kujipimia nyumbani. Chukua uzani wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, halafu ugawanye tena kwa urefu huo huo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 90 atapata 35. Akiwa na kilo 103 atapata 40. Mkutano ulisema anayestahili ni mwenye 40 na zaidi, au mwenye 35 na zaidi ikiwa tayari ana ugonjwa mzito unaotokana na unene.

Kipimo chenyewe kina asili ya ajabu kidogo. Aliyekitunga, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, alikuwa mwanahesabu aliyetaka kujua umbo la mtu wa kawaida. Hakuwa akitafuta mgonjwa. Ni mwaka 1972 ambapo mtafiti Ancel Keys alikipa jina la BMI. Ndiyo maana kipimo hiki peke yake hakitoshi, na mipaka yake imekuwa ikibadilika. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha mpaka hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na vikasema mwenye kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa ikiwa ana kisukari au ugonjwa kama huo.

Mkutano wa 1991 uliacha jambo lingine kubwa kuliko namba. Ulisema mgonjwa asiamuliwe na daktari wa upasuaji peke yake. Aonwe pia na daktari wa magonjwa ya ndani, mtaalamu wa lishe, na mtaalamu wa afya ya akili. Basi swali la tatu ni hili: Daktari, je, ninastahili, na ni wataalamu gani wengine watakaonipima kabla ya uamuzi?

Usione haya kupelekwa kwa mtaalamu wa akili. Hakuna anayesema wewe ni mwendawazimu. Wako watu wanaokula wakiwa na huzuni, na operesheni haiondoi huzuni. Tafiti za miaka ya baadaye, zikiwemo za Sweden, ziligundua kwamba wako wachache ambao baada ya operesheni ya Y walizama katika huzuni hadi kujidhuru. Ni heri jambo hilo lijulikane mapema. Vilevile, kama unakoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, mwambie daktari wa nusukaputi, kwa sababu hilo linaweza kuhatarisha maisha yako kwenye kitanda cha upasuaji.

Sura inayofuata ya historia hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa ukaribu. Mnamo Septemba 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, daktari Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, alivisha mkanda wa silikoni juu ya mfuko wa chakula wa mgonjwa, kupitia matundu madogo tumboni. Hakupasua tumbo kama ilivyokuwa desturi. Mkanda wenyewe uliweza kukazwa au kulegezwa kwa kutia maji kwa sindano kupitia kifaa kidogo chini ya ngozi. Mwaka uliofuata, 1994, madaktari Wittgrove na Clark wa California walichapisha taarifa ya operesheni ya Y iliyofanywa kwa matundu madogo vilevile. Mgonjwa aliyekuwa akilala wadini kwa siku nyingi sasa aliweza kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Mkanda ulipendwa sana. Marekani iliuidhinisha mwaka 2001. Haukukata kitu, na ungeweza kuondolewa. Lakini kadiri miaka ilivyopita, kwa wengine uliteleza, kwa wengine ukaula ukuta wa mfuko wa chakula, na kwa wengine uzani haukushuka vya kutosha. Mikanda mingi iliondolewa, na katika miaka ya 2010 matumizi yake yakapungua sana. Upande wa pili, ile ya mkono wa shati haiwezi kurudishwa kamwe, maana kilichokatwa kimeshatupwa. Ya umbo la Y yaweza kurudishwa, lakini kwa operesheni nyingine ngumu.

Hivyo swali la nne: Daktari, je, operesheni hii inaweza kurudishwa, na ni wagonjwa wangapi kati ya mia hulazimika kupasuliwa tena baadaye? Usidanganywe na udogo wa matundu. Tundu dogo ni kwenye ngozi. Kazi iliyofanywa ndani ni kubwa vile vile.

Mwaka 1995, daktari Walter Pories wa North Carolina na wenzake walichapisha jambo lililowashangaza wao wenyewe. Walikuwa na wagonjwa 146 wenye kisukari cha ukubwani waliofanyiwa operesheni ya tumbo. Kati yao, 121 walirudi kuwa na sukari ya kawaida. Isitoshe, kwa wengi sukari ilishuka katika siku chache tu, kabla ya uzani kupungua. Watafiti wanafahamu kwamba tumbo na utumbo hutoa homoni zinazoongoza sukari na njaa.

Hii ni habari njema, lakini ina makali pande zote mbili. Mtu anayeendelea kujidunga insulini ile ile ya zamani baada ya operesheni anaweza kushukiwa na sukari hadi azimie. Swali la tano basi ni: Daktari, dawa zangu za kila siku zitabadilishwa vipi, na ni nani atakayezibadilisha? Beba dawa zako zote kwenye mfuko siku hiyo, pamoja na za presha, za kifafa, ARV, vidonge vya kupanga uzazi, na hata miti shamba. Dawa zinaweza kunyonywa tofauti na zamani, na daktari hawezi kurekebisha asichokijua.

Sasa tufike Sweden. Kuanzia mwaka 1987 watafiti wa huko waliwaandikisha zaidi ya watu wanene 4,000. Nusu hivi walifanyiwa operesheni, na wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Mwaka 2007 walitangaza kwamba, baada ya kufuatiliwa kwa wastani wa miaka karibu 11, waliofanyiwa operesheni walikuwa wamekufa wachache kuliko wenzao. Hii ni sababu ya haki ya kuifikiria operesheni, wala asikuambie mtu kwamba umechagua njia ya wavivu.

Lakini utafiti huo huo unatufundisha kiasi. Waliofanyiwa operesheni ya mtindo wa Mason walipungua asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na punguzo la asilimia 25. Kwa mtu wa kilo 120, hiyo ni kushuka hadi kilo 82 hivi, kisha kupanda polepole hadi 90. Waliovishwa mkanda walibaki na punguzo la asilimia 14 tu. Kuhusu kisukari, kati ya wagonjwa 100 waliokuwa nacho, 72 walikuwa wamekiaga baada ya miaka miwili, lakini baada ya miaka 10 walibaki 36.

Swali la sita: Daktari, kwa mtu kama mimi, matumaini ya kweli ni yapi baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka 10? Akikuonyesha picha za mwaka wa kwanza peke yake, mwombe zile za mwaka wa 10. Na umwulize kama kuna njia nyingine. Tangu mwaka 2021, kwa mfano, Marekani imeidhinisha sindano ya semaglutide kwa kupunguza unene. Inafanya kazi kwa wengi, ila utafiti umeonyesha kwamba wanaoiacha hurudiwa na sehemu kubwa ya uzani. Ni gharama ya kila mwezi, na operesheni ni gharama ya mara moja pamoja na ufuatiliaji. Ziweke zote mbili mezani, uzipime.

Tumebakiza swali la saba, na ndilo gumu kulitamka. Wengi wetu tumelelewa kumheshimu daktari, tukikaa mbele yake kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Sikiliza basi kisa cha Michigan, kilichochapishwa mwaka 2013. Madaktari 20 wa upasuaji huu walikubali kila mmoja kutoa video ya operesheni yake. Wenzao waliitazama bila kujua ni ya nani, wakampa kila mmoja alama za ustadi. Kisha alama zikalinganishwa na hali ya wagonjwa. Kwa madaktari wenye alama za chini kabisa, wagonjwa 14 hadi 15 kati ya 100 walipata matatizo. Kwa wenye alama za juu kabisa, walikuwa 5. Operesheni ilikuwa ile ile, na ugonjwa ule ule. Tofauti ilikuwa mikono.

Kwa hivyo uliza, kwa adabu na bila kutetemeka: Daktari, umefanya operesheni hii mara ngapi, wangapi walipata matatizo, na nikipata tatizo usiku wa manane ni nani atakayenipokea? Madaktari wenyewe ndio waliotufundisha kuhesabu. Mason wa Iowa alianzisha daftari la kitaifa la matokeo mwaka 1986 ili mazuri na mabaya yaandikwe pamoja. Daktari anayejua hesabu zake hatachukia kuulizwa. Atakayekasirika amekupa jibu pia. Na kabla hujatoka nyumbani, hakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hapa Kenya.

Swali hili lina uzito zaidi kwetu, kwa sababu hapa nchini upasuaji huu hufanywa hasa katika hospitali za kibinafsi jijini Nairobi. Ukiwa Kitale na uvujaji au damu iliyoganda imeanza wiki ya pili, safari ni ndefu. Dalili za kukumbuka ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, mguu mmoja kuvimba, na kukosa pumzi. Kubalianeni mapema ni hospitali gani ya karibu utakayokimbilia, na kama daktari wako atazungumza nao kwa simu.

Kuhusu pesa, usisubiri siku ya operesheni. Bima ya taifa ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, mwezi wa Oktoba 2024, na kampuni za bima za kibinafsi kila moja ina masharti yake. Omba jibu kwa maandishi: wanalipa nini, hawalipi nini, na matatizo yakitokea ni nani atakayelipia. Neno la mdomo halilipi bili.

Sasa jitayarishe, mpenzi msikilizaji. Chukua daftari. Andika uzani wako wa juu kabisa uliowahi kuufikia, na njia ulizojaribu, na kila moja ilidumu miezi mingapi. Andika magonjwa yako, operesheni za zamani, mizio ya dawa, na kama unavuta sigara. Kwa siku saba andika kila unachokula na kunywa bila kujificha, hata mandazi ya saa nne. Halafu andika yale maswali saba, ukiacha nafasi ya jibu chini ya kila moja. Nenda na mtu unayemwamini, mume, dada au rafiki, naye aandike wakati wewe unasikiliza. Na siku hiyo usitie sahihi yoyote. Rudi nyumbani, ulale, uyasome majibu tena asubuhi.

Huenda majibu yakakuridhisha ukaendelea, na huenda yakakufanya usubiri au ushike njia nyingine. Yote mawili ni uamuzi mzuri, ikiwa umeufanya ukijua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wale waliofanyiwa operesheni ya inchi 18 hawakuwa na wa kuwaambia la kuuliza. Wewe unalo.

Kwa leo tukomee hapo. Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya chakula cha mgonjwa wa presha. Mpaka wakati huo, jitunze, na umtunze jirani yako. Kwaheri.